Tahadhari: Jani Kavu la Mgomba Halihitaji Panga

Wakazi wa Ngarenaro mliopanda migomba uani, nyuma ya bafu au kwenye ukingo wa korongo, zuieni panga la kuzunguka. Ninasema lile panga linalotoka ua huu kuingia ua ule, asubuhi kwa mama fulani, mchana kwa jirani yake, jioni mtaa wa pili, bila kupitishwa motoni hata mara moja. Kiangazi kinapokolea na majani ya migomba kuanza kuning'inia makavu, kila mtu hutaka uani kwake pawe safi. Hapo anaitwa kijana, anapewa hela kidogo na chai, anapunguza majani, anasogea kwa anayefuata. Kazi ni halali na kijana hana kosa. Hatari iko kwenye chuma anachoshika, na inabidi tuizuie sasa, kabla migomba yetu haijaanza kulia.

Ugonjwa ninaouogopa ni mnyauko wa bakteria. Kagera wanauita unyanjano, Waganda wanauita kiwotoka. Unashambulia mgomba mzima, kuanzia jani hadi ndizi yenyewe, na shamba lililoachwa bila kushughulikiwa linaweza kupoteza mavuno yote. Hauna dawa ya kupuliza. Hakuna sindano, hakuna unga wa kunyunyiza shinani, na anayekuuzia chupa kwa ahadi ya kuuponya anakuibia. Mgomba ukishaugua, kilichobaki ni kuukata na kulinda ile iliyosalia. Kwa hiyo kazi yote ya maana iko kabla ya ugonjwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuangalia chombo cha kukatia.

Tazama ulikopita. Wanasayansi waliueleza kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye enseti, mmea wa ukoo wa mgomba ambao watu hawali tunda lake, wanakula shina na kiazi chake, na ambao ni tegemeo la mamilioni ya watu kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1974 ukaripotiwa kwenye mgomba wenyewe, hukohuko Ethiopia. Kwa zaidi ya robo karne ukaonekana kama tatizo la Wahabeshi peke yao. Halafu mwaka 2001 ukaibuka Mukono, Uganda, na mwaka huohuo Masisi, Kivu ya Kaskazini. Rwanda ukathibitishwa mwaka 2005. Kwetu Tanzania ukaripotiwa mwaka 2006 wilayani Muleba, mkoani Kagera, na wakati uleule ukawa umeingia magharibi mwa Kenya. Burundi ukafuata mwaka 2010. Nchi ambazo mgomba kwao ni chakula, pombe, mahari na kivuli cha nyumba zilijikuta zinang'oa mashamba yaliyopandwa na mababu.

Bakteria huyu hana mbawa wala mbegu ya kupeperuka na upepo kutoka Muleba mpaka Meru. Anapokwenda mbali, mara nyingi amebebwa na mtu: kwenye mche uliofungwa ndani ya kiroba, kwenye ua la mgomba, kwenye majani yaliyofunikia mikungu ndani ya lori. Akishafika, panga linamgawa nyumba kwa nyumba. Wadudu nao wanasaidia, nitawafikia.

Najua swali linalofuata. Ngarenaro ni mjini, nyumba zimebanana, mtu ana mashina mawili matatu ya migomba, kuna nini cha kulinda? Kwanza kuna chakula. Mwenye mashina matatu anajua yanavyookoa mwezi unapokuwa mrefu. Lakini sababu kubwa ni mahali tulipo. Huku kwetu ndiko ndugu wa Bukoba na ndugu wa Meru wanakokutana. Mtu anatoka Kagera kumsalimia binti yake aliyeolewa Arusha, anamletea mche wa ndizi nzuri ya nyumbani, mche unapandwa uani, unazaa machipukizi. Mwaka wa pili binti anampelekea mkwe wake wa Poli au Nkoaranga chipukizi moja kama zawadi. Kijana anayepunguza majani Ngarenaro Jumatatu, Alhamisi yuko Ilkiding'a kwenye shamba la mtu. Majani yaliyofunika mikungu ya ndizi sokoni Kilombero yanaokotwa jioni yakalishe mbuzi. Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ndizi, miche na majani ya kila upande vinakutana sehemu moja. Ua mdogo wa mjini unaweza kuwa daraja la kuupandisha ugonjwa mlimani.

Na mlimani kuna cha kupoteza. Miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Meru imefunikwa na migomba iliyochanganywa na kahawa tangu enzi za mababu wa Wameru na Waarusha, kwenye udongo wa volkano, kando ya mifereji. Mchare wa huku ndio unaofanya mtori uwe mtori, ndio unaoingia kwenye machalari na loshoro. Ni ndizi ya eneo hili. Ukienda Bukoba utakuta matoke, ambayo ni ukoo mwingine. Pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, watafiti wamekuwa wakifanya kazi ya kuuboresha mchare uhimili magonjwa na wadudu. Kazi hiyo inachukua miaka mingi kwa sababu mchare hautoi mbegu kirahisi. Mgomba pori mmoja umeonekana kuhimili mnyauko wa bakteria, lakini ndizi zake zimejaa mbegu na hakuna anayezila. Ndizi tunazopanda sisi, iwe mchare, kisukari, mzuzu au ndizi Uganda, zote zinaweza kuugua.

Sasa nirudi kwenye jani kavu, maana hapo ndipo watu wengi wenye nia njema wanapofanya madhara.

Je, jani lililokufa litolewe? Ndiyo, kwa kiasi na kwa namna yake. Majani makavu yakining'inia yanafunika shina, yanawapa fukusi pa kujificha, na yale yenye madoa ya ukungu yanaendelea kumwaga vimelea juu ya majani machanga. Shamba lililopunguzwa majani makavu linapitisha hewa na mwenye shamba anaona kinachoendelea shinani. Wataalamu wa kilimo hawakukosea kutufundisha kusafisha migomba. Tatizo ni kwamba fundisho la usafi liliwafikia watu wengi kuliko fundisho la kusafisha chombo.

Jani lililokauka kabisa, lenye rangi ya kahawia hadi kwenye kikonyo, halina maji ndani. Ukilivuta kwa mkono kuelekea chini linachomoka pamoja na ganda lake kavu, na shina linabaki halijajeruhiwa. Hapo panga linatafuta nini? Kama ukilivuta linagoma, ujue ganda lake bado lina uhai kwa ndani. Liache wiki mbili tatu, litakuja lenyewe. Ukilichana kwa nguvu unaacha kidonda kibichi, na kidonda kibichi ni mlango.

Jani la nusu kwa nusu, ncha imekauka na katikati bado kuna kijani, ndilo linalotutia majaribuni. Linaudhi macho, na kijana wa panga hulikata pamoja na mengine ili kazi ionekane imefanyika. Naomba uliache. Sehemu yake ya kijani bado inatengeneza chakula cha mkungu. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: mgomba ukishatoa mkungu hautoi tena jani jipya. Yale yaliyopo siku ile ndiyo yatakayojaza ndizi mpaka zikomae. Kila jani bichi unalolikata baada ya hapo limepotea moja kwa moja, na utakuja kushangaa kwa nini ndizi zimebaki nyembamba wakati ulimwagilia vizuri.

Ukikata kikonyo kibichi, maji hutoka. Tazama panga wakati huo. Ubapa wote unalowa, na maji hayo yakikauka yanaacha doa la kahawia iliyoiva, karibu na weusi, lilelile linaloharibu shati jeupe na haling'oki kwa sabuni yoyote. Ukimkuta kijana amekaa na panga lake kibarazani, angalia makali: utaona tabaka juu ya tabaka la utomvu huo, wa kila ua aliopita. Hapo hakuna haja ya hadubini. Kama ua mmoja kati ya nyua hizo ulikuwa na mgomba mgonjwa, bakteria wake wako kwenye doa lile, na mgomba wako ndio unaofuata kukatwa. Kulifuta panga kwenye majani au kwenye suruali hakuwaondoi. Kulisuuza kwa maji matupu pia usikutegemee.

Kinachotakiwa ni moto au klorini, na vyote viwili tunavyo.

Moto kwanza, kwa sababu nyumba nyingi za Ngarenaro zina jiko la mkaa. Kabla ya kazi kuanza, panga lisuguliwe kwa brashi au kipande cha gunia mpaka doa la utomvu na udongo vitoke, kisha makali yawekwe juu ya mkaa uliowaka, yageuzwe huku na huku mpaka chuma kisishikike kwa mkono. Si lazima kiwe chekundu. Chuma kikiwa chekundu makali yanalegea, na hilo ndilo linalowafanya wenye mapanga wakatae. Mwelezeni fundi wa kazi kwamba hatuharibu chombo chake. Kiache kipoe, kazi ianze. Na kabla ya kuhamia shina jingine la migomba, si ua mwingine tu, kirudi motoni tena. Najua inachosha. Kwa mashina matatu ni suala la dakika chache.

Kwa klorini, JIK ile ya dukani inayong'arisha nguo inatosha. Kipimo wanachofundishwa wakulima ni sehemu moja ya JIK kwa sehemu tano za maji. Tia kwenye ndoo ndogo, chovya panga lililokwisha kusuguliwa, maana uchafu hula nguvu ya klorini kabla haijafika kwa bakteria. Badilisha maji yakichafuka. Mwisho wa siku suuza chuma, ukikaushe na kukipaka mafuta kidogo kisije kikapata kutu. Usichanganye JIK na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, na ndoo isiachwe chini watoto wanapocheza.

Gharama ya haya iwe juu ya mwenye nyumba. Ninalisema kwa kusisitiza, kwa sababu nimeona tabia ya kumrushia lawama mtu wa chini kabisa kwenye mnyororo. Kijana anayelipwa kidogo kwa ua mmoja hatanunua JIK kwa fedha yake, na akikawia kwa ajili ya moto wenzake watamzidi. Wewe uliyemwita ndiye mwenye mkaa na ndoo. Mpokee, mpe kiti, liweke panga lake motoni kabla hajagusa kitu, na mlipe ule muda. Akiona nyumba nne zimefanya hivyo, ya tano ataomba moto mwenyewe.

Ua la mgomba nalo lina habari yake. Lile ua dume, zambarau, linaloning'inia chini ya mkungu, hudondosha magamba na maua yake kila siku, na kila linapodondosha kunabaki kovu bichi lenye utamu. Nyuki, nzi na nyigu wanalifuata. Wakitoka kwenye ua la mgomba mgonjwa wanakuja na bakteria miguuni. Njia ya kuufunga mlango huu ni kuliondoa ua mapema, mara tu chana ya mwisho inapojitokeza. Na liondolewe kwa kijiti chenye panda: unaingiza panda kwenye kikonyo cha ua, unazungusha, unavunja. Usilikate kwa kisu. Kijiti hakigusi mgomba kama kisu kinavyougusa, na kinatupwa baada ya kazi. Faida ya ziada ni kwamba mkungu unanenepa kidogo, kwa kuwa chakula hakipotei kwenye ua lisilozaa.

Miche ni jambo zito kuliko yote, na ni gumu kwa sababu linagusa undugu. Mche unaweza kuwa na bakteria ndani ukaonekana mzima kabisa. Dalili zinachukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kujitokeza. Ndiyo maana maneno ya kwamba shamba la bibi halina ugonjwa hayatoshi. Bibi anasema anachokiona. Ukisafiri kutoka Kagera, Mara, Kigoma au nchi jirani, tafadhali usibebe mche wala chipukizi. Leta senene, leta kahawa, leta salamu. Mkwe akileta mche kwa heshima yake, mpokee yeye kwa heshima hiyohiyo na umweleze. Mtu mzima aliyeishi na migomba ataelewa upesi kuliko unavyodhani, kwa maana yeye ndiye aliyeuona unyanjano kwa macho. Anayetaka kupanda atafute miche iliyozalishwa maabara, au machipukizi kutoka shamba la karibu analolijua na ambalo afisa kilimo amelipitia.

Halafu lishe ya ng'ombe. Huku kwetu shina la mgomba lililokatwa halitupwi. Linachanjwachanjwa na kupewa ng'ombe wa ndani, na kiangazi linanunuliwa na kubebwa umbali mrefu. Bakteria huyu hamdhuru ng'ombe, wala hamdhuru mtu. Lakini shina likitoka kwenye mgomba mgonjwa, maji yake yanadondoka njia nzima na mabaki yanaishia kwenye samadi inayorudi shambani. Nunua lishe kwa mtu ambaye shamba lake unalijua. Mbuzi wanaozurura mtaani wafungwe: mbuzi anayetafuna jani bichi ua huu akahamia ua ule anafanya kazi ileile ya panga.

Nieleze dalili, kwa sababu si kila jani la njano ni mnyauko, na hofu isiyo na macho itatufanya tukate migomba mizima.

Mgomba unapozeeka majani yake, huanza na lile la chini kabisa, linakauka kuanzia pembeni, taratibu, huku ya juu yakibaki imara. Ukame unafanya vivyo hivyo, ila kwa haraka. Hiyo ni kawaida. Mnyauko wa bakteria haufuati utaratibu huo. Jani lolote, hata changa la katikati, linaweza kulegea na kukunjamana kama lililomwagiwa maji ya moto, likawa njano, kisha likafa. Ua dume linanyauka na magamba yake yanakuwa meusi. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, moja ya njano katikati ya nyingine mbichi, bila mpango. Ipasue: utakuta nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu. Ukikata kikonyo cha jani au shina na kusubiri dakika chache, matone ya ute wa njano iliyopauka yanajitokeza juu ya mkato, mazito, yanayonata. Hayo ndiyo machozi ya mgomba niliyoyataja mwanzo, na ukiyaona umeshapata jibu.

Kuna mnyauko mwingine, wa fusari, unaotokana na kuvu wa udongoni, ambao tumeishi nao Tanzania kwa miaka mingi na ambao unapenda sana kisukari. Huo majani ya chini yanakuwa njano kuanzia pembeni, yanavunjika kwenye kikonyo na kuuzunguka mgomba kama sketi. Shina linaweza kupasuka karibu na ardhi. Ndani ya kiazi utaona mistari myekundu yenye giza. Hautoi ute wa njano, na ndizi zake kwa ndani hazina kutu. Nao hauponi kwa dawa na unabebwa na miche na udongo ulioshika kwenye jembe, kwa hiyo tahadhari ya chombo safi haipotei bure hata ukiwa umekosea jina la ugonjwa. Aina yake kali zaidi iliripotiwa Msumbiji mwaka 2013, na Msumbiji ni jirani yetu wa mpaka.

Ukikuta ute wa njano, simama hapo ulipo. Usijaribu mgomba wa pili kwa kisu kilekile ili kuhakikisha. Hivyo ndivyo mtu mmoja anavyougawa ugonjwa kwenye shamba zima ndani ya dakika kumi akidhani anauchunguza. Weka kisu motoni. Usikate majani ya migomba mingine yoyote siku hiyo. Kata shina lile lililougua, lile tu, usawa wa ardhi, kisha chombo kirudi motoni tena. Zamani wakulima waliambiwa wang'oe kichaka kizima na kiazi chake, kazi ya kuvunja mgongo, na wengi wakaiacha njiani. Utafiti uliofanyika hasa mashariki mwa Congo ulionyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye machipukizi yote ya kichaka kwa pamoja, na kwamba kuondoa mapema kila shina linaloonyesha dalili, wiki baada ya wiki bila kuchoka, kunaushusha ugonjwa mpaka ukakaribia kwisha. Kwa mwanamke mwenye ua mdogo na mtoto mgongoni, hilo linawezekana. Kung'oa kichaka kizima peke yake hakuwezekani.

Mabaki yalundikwe mahali pamoja, mbali na migomba, yaachwe yaoze hapohapo. Yasitandazwe shinani kama matandazo, yasiuzwe kama lishe, na ninawaomba sana msiyatupe korongoni. Korongo la Ngarenaro limeshabebeshwa taka za kutosha, na watu wa chini wana migomba ukingoni. Kama kichaka chote kimekufa, pumzisha sehemu hiyo miezi sita bila mgomba. Panda mahindi, maharage au viazi vitamu, maana bakteria huyu hashambulii mazao hayo na udongoni hadumu muda mrefu bila mgomba.

Kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Watu huficha, wakiogopa kwamba bwana shamba atakuja kufyeka kila kitu au jirani atawanyooshea kidole. Uganda, miaka ile ya mwanzo, ugonjwa ulipata nafasi kwa sababu ulichelewa kutambuliwa: mtu aliuona mgomba umenyauka, akadhani ni jua, akakata, akaendelea na mgomba mwingine. Sisi hatuna kisingizio hicho, tuna miaka zaidi ya ishirini ya mfano wao. Tena Arusha tuna bahati ambayo Muleba hawakuwa nayo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, makao yake makuu yako Ngaramtoni, safari ya daladala moja. Watafiti wa kilimo wa TARI Tengeru wako upande wa pili wa mji. Anayeshindwa kufika huko ana afisa kilimo wa kata, na mwenyekiti wa mtaa anajua anapopatikana.

Wenyeviti wa mitaa nawaomba jambo moja kwenye mkutano unaofuata, kati ya ajenda ya taka na ajenda ya maji: wataje wazi kwamba hakuna panga linaloingia kwenye migomba ya mtu bila kupitia moto, na waite vijana wanaofanya kazi hiyo waelezwe mbele ya watu, kwa heshima, kama wahusika wakuu wa ulinzi huu. Nao kina mama wanaouza ndizi mbichi Kilombero waangalie yale majani wanayofunikia mikungu yametoka wapi na yanaishia wapi.

Wiki hii, kama majani makavu yanakukera, nenda mwenyewe uani ukayavute kwa mkono. Yasiyotaka kutoka yaache. Na kijana akija na panga begani akauliza kama kuna kazi, mwambie ipo, kisha mwonyeshe jiko liliko.